Furahia bustani yako kabla jua halijaichukua

Ukipita mitaa ya Nyasubi, hapa Kahama, mwanzoni mwa Mei, utaona jambo zuri ambalo halidumu. Mvua zinaaga, vumbi bado halijaanza kutimka, na mbele ya nyumba nyingi maua yamesimama: zinia nyekundu, marigodi za njano, kana zenye majani mapana, bogonvilia iliyoparamia ukuta. Wiki chache baadaye, sehemu kubwa ya maua hayo huwa vijiti vikavu.

Wenzetu wa Ulaya hukumbana na hali kama hii mwezi Oktoba na Novemba. Huko adui ni jalidi, yaani umande unaoganda usiku na kuua mimea laini kabla hakujakucha. Wakazi wa Makete na Njombe nao wanaijua vizuri, kwani Juni na Julai huwaunguzia mazao. Kahama hatuna jalidi, tuna jua. Jalidi huua kwa usiku mmoja, lakini jua huua polepole, na polepole hiyo ndiyo inayotugharimu. Inatupa matumaini, tunaendelea kumwagilia.

Ndugu msomaji, nakiri kwamba nilikua nikiyachukia maua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika Kahama kwa bomba, mama yangu alikuwa na bustani ndogo mbele ya nyumba. Hakutaka ife. Kila alfajiri ya Julai na Agosti mimi na dada yangu tulikwenda kisimani, tukapanga foleni, tukarudi na madumu kichwani. Siku moja dada alichelewa shule, akachapwa. Aliporudi jioni, mama alitazama mikono yake, hakusema neno. Kesho yake hatukutumwa maji ya maua. Bustani ikakauka.

Nilipomaliza chuo kikuu na shahada yangu ya uchumi wa kilimo, nilirudi nyumbani na kikokotoo. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza na mama alikuwa akipanda maua tena. Nikamwambia ang'oe yote apande mchicha, kwa kuwa mchicha unauzika na maua hayaliwi. Akanijibu, "Mwanangu, mchicha nitaula Jumamosi. Haya nayala kila siku kwa macho."

Nilidhani ananitania. Leo nadhani mama alikuwa na hesabu, ila mimi nilikuwa nimeikokotoa vibaya.

Wachumi tuna neno tunalolipenda, gharama ya fursa. Maana yake ni thamani ya kile unachokiacha ili upate kingine. Kosa langu lilikuwa kudhani gharama hiyo ni moja mwaka mzima. Tuchukue bustani ya mita 4 kwa 3, yaani mita za mraba 12. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 30, ambayo hapa hushuka kwa alasiri moja, huipa bustani hiyo lita 360, sawa na madumu 18 ya lita 20. Hakuna ankara, hakuna mtoto aliyeamshwa.

Sasa njoo kiangazi. Mimea ikipigwa na jua na upepo mkavu huweza kuhitaji takriban milimita 5 kwa siku. Kwa bustani ileile hiyo ni lita 60, au madumu 3, kila siku. Kuanzia Julai hadi Oktoba ni siku 123, yaani lita 7,380, zaidi ya uniti 7 za maji. Zidisha kwa bei iliyo kwenye ankara yako. Na kama unachota kisimani, jiulize nani anabeba dumu hilo na anaacha kufanya nini. Mara nyingi jibu ni mtoto wa kike, na anachokiacha ni usingizi au shule. Ni kweli kwamba tangu mradi wa maji ya Ziwa Victoria ulipozinduliwa mwaka 2009 wengi tumepumua, lakini hata maji ya bomba yanalipiwa, na si kila nyumba ina bomba.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mkulima au mchuuzi hana haki ya maua. Starehe ambayo mvua imeilipia si anasa. Vilevile sikubaliani na wanaotaka bustani iwe ya kijani Septemba kama ya hoteli. Ua la Mei ni faida; ua la Septemba ni deni, na mara nyingi analilipa mwingine.

Tufanye nini basi? Kwanza, Mei toa kiti nje. Mmemaliza kuvuna, au mnakaribia. Kaeni jioni nusu saa. Pili, usikate vichwa vyote vya zinia na marigodi. Viache vikaukie kwenye shina, vichume asubuhi kavu, vianike kivulini siku kadhaa, kisha hifadhi mbegu kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu. Plastiki hufungia unyevu na mbegu huota ukungu. Kana ziache, majani yatakufa lakini shina la chini ya ardhi litasubiri mvua. Tatu, kama una nyanya, zungusha marigodi kwenye eneo hilo msimu ujao, kwani husaidia kupunguza minyoo fundo kwenye udongo. Nne, wewe mwenye kitalu cha miche kando ya barabara, sia mbegu Oktoba ukiwa na maji kidogo tu, ili Novemba mvua zikianza uwe na miche ya kuuza.

Nyanda za Kitulo kule Makete, ambazo wenyeji huziita Bustani ya Mungu, zilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Hakuna anayezimwagilia. Yanachanua wakati wa mvua, yanakufa, na watu husafiri kuyaona katika msimu wake.

Mama bado anapanda kila Novemba. Mwezi Mei hutoa kiti nje, na Juni huwa tayari ana bahasha zake kabatini. Dada yangu huja kuchukua moja. Anapanda kwake pia, na mabinti zake hawajawahi kubeba dumu la maua.