Mauziano ya Mashua Yasiishie Ufukweni

Kuanzia Moa, karibu na mpaka wa Kenya, hadi Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma, na vilevile katika mialo ya Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa, mashua, ngalawa na mitumbwi huuzwa na kununuliwa mwaka mzima. Utaratibu wake wajulikana. Mnunuzi hukizunguka chombo, hugonga mbao, hukagua kalafati, hutazama kama mkuku umeliwa na wadudu, kisha hutaja bei yake. Muuzaji hukataa, hupunguza, hukubali. Fedha huhesabiwa mbele ya shahidi mmoja au wawili, watu wakapeana mikono, na alfajiri ya pili chombo kimekwisha tweka tanga kikiwa na mwenyewe mpya. Lakini namba iliyopakwa ubavuni ni ile ile ya zamani, na jina lililomo katika daftari la serikali ni la mtu ambaye hana tena hata msumari mmoja katika chombo hicho.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa dogo. Mashua, wasema, ni mali ya mtu, na mwenye mali ana haki ya kuuza. Hapana anayepinga haki hiyo. Linalopingwa ni desturi ya kuuza mbao na kuacha jina. Mauziano ambayo hayakufikishwa daftarini ni mauziano nusu, na nusu iliyobaki humdhuru muuzaji, humdhuru mnunuzi, na siku ya msiba huwadhuru watu ambao hawakupokea wala hawakulipa hata senti moja.

Chombo cha majini si kama nyumba wala shamba. Shamba likigombaniwa, baraza litakwenda na kulikuta pale pale lilipokuwa. Mashua inayogombaniwa leo Kilwa yaweza baada ya siku chache kuwa Mafia, ikiwa na rangi nyingine. Ndiyo maana mataifa ya mabaharia yalianza zamani kuandika vyombo vyao. Sheria ya Uingereza, ambayo nchi nyingi za Jumuiya ya Madola zilirithi misingi yake, huigawa meli katika hisa 64, na wenye hisa huandikwa majina yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, waiagiza kila nchi katika Ibara ya 94 kuweka daftari la meli zinazopeperusha bendera yake. Lakini ibara hiyo hiyo yaviacha nje vyombo ambavyo, kwa udogo wake, haviguswi na kanuni za kimataifa. Kwa hiyo mashua ya Kilwa au ya Ukerewe haina mlinzi huko nje. Mlinzi wake ni daftari la nyumbani. Likiwa bovu, hakuna jingine.

Yafaa madhara yake yatazamwe moja moja. Kwanza ni muuzaji. Mtu ameuza mashua yake mwezi wa Machi na kurudi shambani. Mwezi wa Agosti chombo hicho kinakamatwa na nyavu zilizokatazwa, au na baruti, na waliokuwamo wanaogelea hadi nchi kavu na kutokomea. Kikosi cha doria kinasoma namba, kinafungua daftari, kinakuta jina. Anayegongewa mlango ni mkulima ambaye hajagusa maji ya chumvi kwa miezi mitano. Atasema ameuza, naye ataulizwa hati iko wapi. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Hapa mali imekwenda na habari zake mbaya zimerudi kwa asiye na mali.

Pili ni mnunuzi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imejengwa juu ya kanuni nyepesi: mtu hawezi kumpa mwenziwe haki ambayo yeye mwenyewe hana. Mzee akifariki na kuacha mashua, mwanawe mkubwa hawi mwenye mashua kwa kuwa tu ndiye anayejua kuiendesha. Warithi ni wengi, na kabla msimamizi wa mirathi hajateuliwa na mahakama, anayeuza anauza mali ya wenziwe. Kadhalika chombo kilichowekwa rehani kwa mkopeshaji hakitoki katika rehani kwa sababu kimepakwa rangi mpya. Mnunuzi asiyeuliza, hata akiwa na nia njema, aghalabu huishia kukosa chombo na kukosa fedha, na kilichobaki mkononi mwake ni kesi.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni mabaharia na abiria. Hati za chombo si jina la mwenyewe peke yake. Ni habari za chombo chenyewe: kilijengwa lini, kwa maji ya namna gani, chaweza kubeba watu wangapi, kilikaguliwa mara ya mwisho lini. Meli ya Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikasafirisha abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington. Iliuzwa mwaka 2011 na kuletwa Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, katika msimu wa kusi, ilipinduka karibu na Kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na watu wengi wakapotea. Meli hiyo haikukosa karatasi. Funzo lake kwa wanaouziana vyombo ni kwamba chombo kinapohamia kwa mwenyewe mwingine na maji mengine, swali la usalama wake lazima liulizwe upya. Ikiwa hivyo ndivyo kwa meli yenye kumbukumbu tangu kiwandani, itakuwaje kwa mashua ambayo umri wake wajulikana na fundi aliyekwisha kufa?

Katika vijiji vingi, siku ya mauziano, anayeitwa kuandika karatasi si wakili. Ni mwalimu wa shule ya msingi au mtendaji wa kijiji. Kwa hiyo jambo hili lawahusu walimu na watumishi wa umma kwa karibu kuliko wanavyodhani. Karatasi inayoandikwa mara nyingi yasema kwamba fulani amemuuzia fulani mashua yake kwa shilingi kadhaa, basi. Mashua ipi? Fulani ana mashua tatu. Karatasi ya namna hiyo haimsaidii hakimu wala haimsaidii mjane.

Hati iliyo timamu haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Itaje majina kamili ya muuzaji na mnunuzi, makazi yao na namba za vitambulisho vyao vya taifa. Ikieleze chombo hata asiyekijua aweze kukitambua: aina yake, urefu wake, mbao au faiba, rangi, namba ya usajili. Kama kina mashine ya kupachika, iandikwe aina yake, nguvu yake na namba iliyogongwa kiwandani, kwani mashine yaweza kuwa na thamani kuliko mbao zinazoibeba, na ndiyo huibwa kwanza. Itaje vinavyokwenda na chombo, yaani tanga, mlingoti, nanga, makasia, nyavu, maboya ya kujiokolea, na visivyokwenda. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Ikiwa italipwa kwa mafungu, kila fungu liwe na tarehe yake. Muuzaji atamke kwamba chombo ni chake, hakina rehani wala mgogoro, na ataje kasoro anazozijua. Iandikwe siku na saa ya kukabidhiana, kwa maana ajali hutokea kwa saa, na saa hiyo ndiyo itakayoonyesha chombo kilikuwa mikononi mwa nani. Pande zote watie sahihi pamoja na mashahidi, nakala ziwe tatu: ya muuzaji, ya mnunuzi, na ya ofisi.

Nakala hiyo ya tatu ndiyo ambayo husahauliwa. Kwa upande wa Bara, chombo cha uvuvi huandikishwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na afisa uvuvi wa halmashauri ndiye wa kuendewa kwanza. Kikundi cha ulinzi wa rasilimali katika mwalo au diko nacho kiarifiwe. Chombo cha abiria au mizigo kinahusu TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina mamlaka yake ya usafiri baharini. Mashua inayonunuliwa Nungwi na kupelekwa Pangani imevuka kutoka daftari moja kwenda jingine, na hapana budi ifutwe huko na kuandikwa huku, isije ikawa na majina mawili au isiwe na jina lolote. Na mnunuzi asidhani kwamba amenunua leseni pamoja na mbao. Leseni yake atakwenda kuiomba mwenyewe.

Wavuvi wanayo majibu, na si haki kuyapuuza. Wasema ofisi iko mjini na diko liko mbali. Siku ya kwenda mjini ni siku isiyo na samaki. Ukifika waambiwa mwenye muhuri hayupo, urudi kesho. Kesho waambiwa lipia kwanza kule, na huko hapana anayekupa bei iliyoandikwa. Mtu anayenunua mtumbwi kwa akiba ya misimu miwili hawezi kutumia sehemu ya tatu ya akiba hiyo kwa nauli. Anayemlaumu mvuvi huyo kwa kukwepa daftari bila kumlaumu anayekaa nalo, hakusema kweli yote.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa ofisi. Afisa uvuvi awe na siku maalumu katika mwezi ya kufika kila diko na mwalo akiwa na daftari lake, kama vile wauguzi wa chanjo wanavyofika kijijini. Karatasi ya kuhamisha jina iwe moja, ya Kiswahili, nayo ipatikane kwa mtendaji. Ada ya kubadili jina iwe ndogo na ibandikwe ukutani, mahali ambapo kila mtu ataisoma. Mtendaji aruhusiwe kupokea taarifa ya mauziano na kuipeleka kwa simu siku hiyo hiyo, ili muuzaji awe salama wakati hati yenyewe ikiwa njiani. Baada ya hapo, na si kabla yake, adhabu kwa anayeficha mauziano itakuwa ya haki.

Kuna pia wanaosema kuwa waungwana hawaandikiani, na kwamba kudai hati kwa ndugu au jirani ni kumwonyesha kuwa haaminiki. Hoja hii ina heshima yake katika mwambao, lakini haina mizizi mirefu kama inavyodhaniwa. Waislamu wengi miongoni mwa wavuvi wanajua kwamba Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara yaagiza deni la muda maalumu liandikwe, na mashahidi wawekwe watu wanapouziana. Hati haikuwekwa kwa ajili ya wasioaminiana. Imewekwa kwa sababu waaminifu nao husahau, huhama na hufa, na watoto wao hubaki wakiulizana baba alimaanisha nini.

Walimu wana nafasi ya pekee hapa. Somo la kuandika barua na mikataba limo madarasani. Katika shule za pwani na visiwani, mfano wa hati ya kuuziana mashua una faida kwa mtoto kuliko mfano wa barua kwa rafiki asiyekuwapo. Mtoto huyo ndiye atakayeitwa na babake kesho kushika kalamu. Watendaji nao wasigonge muhuri juu ya karatasi isiyotaja namba ya chombo. Na afisa aliye na daftari ajue kwamba kila jina lililopitwa na wakati humo ni mtu mmoja asiye na hatia anayeweza kukamatwa, na mwingine mwenye hatia anayeweza kupona. Kabla mnunuzi hajang'oa nanga, jina lake liwe limekwisha kuandikwa.