Mashefu wa TV, Wekeni Saa Ukutani

Wacha niseme mapema ndio wenye kukasirika waanze sasa: mapishi mengi ya mashefu wa TV ni uongo. Hakuna mtu atakufa, hiyo najua. Lakini wanatudanganya kuhusu saa, kuhusu pesa na kuhusu kazi yenyewe. Na anayelipia si shefu. Ni wewe hapo kwa bedsita na meko yako ya kilo 6, unaangalia sufuria na kujiuliza mbona yake ilitoka poa na yako imekuwa uji.

Siongei tu hewa. Mwezi jana nilichukua mapishi manne kutoka vipindi vya TV, vya hapa na vya nje, nikayapika kwangu saa ya simu ikiwa imewashwa. Sheria zilikuwa tatu. Nafuata vile shefu amesema, sibadilishi kitu. Naweka risiti zote. Na saa inaanza nikishika kisu, inaisha nikimaliza kuosha vyombo. Usiniambie ati kuosha vyombo si kupika. Kwenu vinaoshwa na malaika?

Ya kwanza: kuku wa krimu na uyoga. Shefu alisema dakika 25 na akaiita chakula rahisi cha katikati ya wiki. Kwangu ilikuwa saa moja na dakika 20. Nusu kuku 400, krimu 330, uyoga 200, siagi 270, na kimfuko cha majani ya kunukia 100, ambayo nilitumia vijiti viwili na mengine yakakauka. Jumla 1,300, sahani mbili. Kwa kibanda cha mtaa wetu hiyo ni chapo madondo ya wiki nzima na chai juu. Ilikuwa tamu? Ilikuwa tamu, sikatai. Lakini rahisi kwa nani, buda?

Ya pili: nyama na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa laini, vitamu, rangi ya kahawia. "Dakika tano tu," shefu akasema huku anatabasamu. Manze, dakika tano vitunguu vyangu vilikuwa bado vinalia maji. Vilifika ile rangi ya TV baada ya dakika 40. Na hii si shida ya jiko langu. Mwaka 2012 mwandishi Mmarekani, Tom Scocca, aliandika kwenye jarida la Slate kwamba waandishi wa mapishi wamekuwa wakidanganya kuhusu vitunguu kwa miaka. Yeye mwenyewe alipima: dakika 28 ukiwa na moto mkali na unakoroga bila kutoa macho, dakika 45 ukipika kama mtu mwenye akili timamu. Hiyo ni 2012. Tangu hapo watu wanajua, na bado unaambiwa dakika tano.

Ya tatu: maharagwe, yalolowekwe usiku kisha yachemshwe dakika 45. Saa mbili baadaye yangu bado yalikuwa yanajibu kwa meno. Hapa tuongee sayansi kidogo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji hapa yanachemka karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa au London. Hata uongeze moto mpaka gesi iishe, maji yakishachemka hayapandi tena. Yanakauka tu. Ndio maana mathe wengi wa huku juu wanaapa kwa sufuria ya presha: ile inafungia mvuke ndani, joto linapita 100. Keki nazo ni hivyo hivyo. Huku juu inaumuka haraka kuliko inavyoiva, halafu inaanguka katikati. Dawa ni kupunguza baking powder kidogo, si kulia.

Shefu wa London simlaumu kwa hiyo, yeye yuko karibu na usawa wa bahari na hanijui. Lakini wewe unayepika kwa studio ya Nairobi, kwa watu wa Nairobi, Nakuru na Eldoret, unasoma dakika za kitabu cha ng'ambo kama zilivyo? Hujawahi kuchemsha maharagwe ukiwa Kenya?

Ya nne ilikubali. Ilikuwa biriani, na mama wa Pwani aliyepika kile kipindi alisema mwanzo kabisa kwamba hii si chakula cha haraka, tenga saa nne, na vitunguu pekee vitakula karibu saa nzima. Nilitumia saa nne na dakika kumi. Hiyo dakika kumi ni ya kutafuta mfuniko. Sikuwa na jasho, sikuwa na presha, kwa sababu nilijua ninaingia wapi. Si mnaona? Biriani ni ngumu kuliko kuku wa krimu mara kumi, na ndiyo iliyonipa amani. Ugumu haujawahi kuwa shida. Shida ni kufichwa.

Na wanaficha nini? Angalia vizuri siku nyingine. Vitunguu vishakatwa, viko kwa bakuli ndogo za kioo. Nani alikata? Nani ataosha hizo bakuli kumi na mbili? Nyama inaingia kwa oveni, shefu anageuka, anatoa nyingine "niliyotayarisha mapema." Nyama iliyoingia si nyama iliyotoka! Nyuma ya kamera kuna watu wamesimama tangu asubuhi wakimenya, wakipima, wakifuta sufuria, na jina lao unaliona mwisho likipita mbio, kama unaliona. Hata Jamie Oliver na zile mapishi zake za dakika 30 za mwaka 2010: kitabu chenyewe kinakuambia kwanza utoe viungo na vifaa vyote, uchemshe maji. Yaani ile kazi ya kuhangaika na kabati ilikuwa nje ya saa. Angalau yeye aliiandika. Wengi hawasemi kitu.

Halafu kuna jiko. "Washa oveni nyuzi 180." Oveni ya nani? Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zinapikia kuni, na karibu robo zinapikia gesi. Waliopikia stima hawakufika hata asilimia 2. Shefu anayeanza kila kipindi na oveni anaongea na watu wachache sana, halafu anajiita mwalimu wa taifa. Ni mara ngapi umesikia mmoja akisema, "kama una jiko la makaa, fanya hivi"?

Najua mtasema ni burudani tu, relax. Sawa. Gordon Ramsay akifunga fileti nzima ya ng'ombe ndani ya uyoga na unga wa tabaka tabaka, mimi naangalia kama mpira. Siendi uwanjani kujaribu. Lakini ukiniandikia vipimo kwa skrini, ukiniambia "jaribu nyumbani", na kiungo cha mdhamini kimeangalia kamera kuliko wewe mwenyewe, hiyo si burudani tena. Umeniambia nitoe pesa. Tuheshimiane.

Wengine watasema, badilisha tu, tumia ulicho nacho. Poa. Lakini kujua krimu inaweza kuwa maziwa ya mala au tui la nazi, na ipi itakatika ukichemsha sana, huo ndio ujuzi wenyewe. Hiyo ndiyo nilikuja kufundishwa. Usiniachie mtihani na wewe ndiye mwalimu.

Na kuna wale wa komenti: "wewe ni nani, hata chuo hukumaliza." Ukweli, niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Lakini kusoma saa na kujumlisha risiti hakuhitaji digrii.

Kwa nini nimekasirika hivi kuhusu chakula? Kwa sababu ya maneno mawili: "hujui kupika." Nikiweka hizo video nne, yalikuja kwa mamia, na mimi ni chali, yanateleza. Msichana akiambiwa hivyo haitelezi. Anaambiwa na mashemeji, na boyfriend, na shangazi kwa mkutano wa familia. Anapimwa na sahani ya TV iliyopikwa na watu sita, yeye akiwa mmoja, ametoka job saa moja usiku, stima imeenda na mtoto analia. Akishindwa kuifikia kwa dakika 25 anaamini mkono wake una kasoro. Na yule msee wa kibarua cha mia tano kwa siku aliyetaka kumpikia demu wake kitu kizuri, akamaliza pesa ya siku mbili na kitu hakikuiva, naye anaamini hivyo hivyo. Anarudi kwa chipo za mtaani na haguzi sufuria tena. Uongo wa shefu haujaharibu chakula tu, umefukuza mtu jikoni mwake.

Inawezekana kufanya tofauti. Julia Child alianza kupika kwa TV ya Marekani mwaka 1963. Kuna siku alijaribu kugeuza chapati kubwa ya viazi, ikamwagika nje ya kikaango. Hakukata video. Aliirudisha na mikono, akawaambia watu kwamba jikoni uko peke yako, nani anakuona. Zaidi ya miaka 60 imepita na watu bado wanampenda kwa hiyo.

Kwa hivyo mashefu wetu, naomba vitu vinne. Wekeni saa kubwa ukutani, ionekane, isikatwe. Wekeni risiti mwisho wa kipindi, bei ya sokoni na si ya mdhamini. Kila pishi, mtuambie linapikwaje kwa meko au kwa jiko la makaa. Na waliokata vitunguu muwaite mbele ya kamera, wasalimie watu. Na sisi wa kontenti tusijifiche nyuma ya TV, video zetu za sekunde 40 ni mbaya zaidi. Zangu kuanzia leo zina saa kwa kona na hesabu chini.

Wewe unayesoma, wikendi hii chagua pishi moja la TV. Washa saa ukishika kisu, izime ukikausha sufuria ya mwisho. Halafu njoo uandike hapa chini: walisema ngapi, ikawa ngapi. Tujaze hiyo orodha mpaka waone aibu. Na ukikuta yako imechukua mara tatu, usijiite mjinga. Mkono wako hauna shida. Ulidanganywa saa.