Chunusi za utu uzima zinataka mkono mwepesi

Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo, si juu ya ngozi. Kando ya kila unywele, hata ule laini wa shavuni usioonekana, kuna tezi ndogo inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Tezi hiyo huongozwa na homoni za kundi la androjeni, ambazo wanaume na wanawake wote wanazo. Mafuta yakizidi, na seli zilizokufa za mdomo wa kinyweleo zikagandana badala ya kupukutika, njia huziba. Ikiziba huku mdomo uko wazi, kinachoonekana ni kichwa cheusi. Weusi ule si uchafu, ndiyo maana hautoki hata usuguliwe vipi. Ikiziba kwa ndani hutokea kipele cheupe. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, anayeishi kwenye ngozi ya aliyenawa na asiyenawa, hustawi katika mafuta hayo yaliyofungiwa. Mwili ukipambana naye ndipo huja uvimbe, maumivu na usaha.

Wengi huagana na chunusi kabla ya kutimiza miaka 25. Wengine hubaki nazo, na wapo wanaozipata kwa mara ya kwanza baada ya umri huo, wanawake zaidi kuliko wanaume. Chunusi za ukubwani hupenda taya, kidevu na shingo, hufumuka siku chache kabla ya hedhi, na ingawa si nyingi huwa za ndani na zenye kuuma. Ngozi inayozibeba nayo imebadilika: hukauka upesi na huchubuka upesi. Kwa hiyo dawa kali aliyoivumilia binti wa miaka 16 inaweza kumbabua yuleyule akifika miaka 38.

Kwa ngozi nyeusi kuna jambo jingine, na ndilo kubwa kuliko yote. Kila uvimbe unapopoa huacha doa. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi huchokozwa na uvimbe, zikamwaga rangi kupita kiasi, na kipele kilichokaa wiki moja kikaacha alama ya miezi. Waulize wenye chunusi kinachowaumiza moyo. Wengi watataja madoa kabla ya vipele vyenyewe. Na doa haliletwi na chunusi peke yake. Kucha zilizokamua, kitambaa kilichosugua, dawa iliyochoma, vyote huacha alama ileile. Kutumia mkono mwepesi usoni kwa hiyo si anasa ya wenye nafasi, ni sehemu ya tiba.

Makosa mengi huanzia kwenye beseni la kunawia. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ikiwa karibu 5, na uchachu huo husaidia kushikilia unyevu na kuzuia vijidudu. Sabuni ya mche, ile ya kufulia ambayo nyumba nyingi huitumia kuogea pia, huwa na pH ya 9 hadi 10. Uso ulionawishwa kwayo hukakamaa na kuvuta, na wengi huuchukua mkakamao huo kuwa ndio usafi. Kumbe ni ganda la ngozi limevuliwa. Dodoki linafaa mgongoni na kwenye visigino. Shavu lenye vipele likisuguliwa nalo, uvimbe wa chini ya ngozi hupasukia ndani badala ya kutoka nje.

Halafu kuna ndimu. Maji yake yana pH ya karibu 2, na ndani yake mna kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi kisha jua likazipiga, huunguza. Mtu hupaka ndimu asubuhi kwenye doa la kidevu, akasuuza juujuu, akatoka kwenda kusimama kituoni kungoja daladala saa nne ya jua. Kesho yake pale pamewiva na kuuma, mara nyingine pametoa malengelenge yenye maji, na mstari wa kunyooka huonyesha njia ambayo tone lilishukia hadi shingoni. Baada ya wiki mbili mstari ule umekuwa mweusi kuliko doa lililokuwa likitibiwa, na huweza kukaa hivyo kwa miezi. Ndimu ni ya asili, na upupu ni wa asili pia. Kinachopimwa ni kile kitu kinachofanya kikigusa ngozi. Magadi na dawa ya meno, vinavyopakwa kwenye vipele usiku, viingie katika hesabu hiyohiyo.

Si kwamba vya kale havina maana. Liwa ya pwani, kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja, inastahili kutazamwa vizuri kwa namna inavyotengenezwa. Kipande cha msio, jiwe la matumbawe lenye uso wa chenga laini, huwekwa sahanini. Hudondoshewa maji au marashi ya mawaridi matone machache, kisha kijiti cha liwa, yaani sandali, husuguliwa juu yake kwa mzunguko, polepole, mpaka uji mwepesi wenye rangi ya mchanga uanze kukusanyika ukingoni. Uji huo hupakwa kwa ncha za vidole, huachwa ukauke, kisha huoshwa kwa maji. Bibi wa pwani waliupaka kwenye harara na vipele vya uso. Sifa yake kubwa iko katika yale usiyoyafanya: haukwangui, hauchomi, haubaki ukiziba vinyweleo, na humfanya mtu aache kushikashika uso kwa nusu saa nzima. Singo ya bibi harusi ni jambo jingine. Ni mchanganyiko wa kusugulia mwili, na hata ikiwa tamu kwa harufu haifai kupitishwa juu ya chunusi mbichi.

Liwa hata hivyo ina tahadhari zake. Sandali na marashi huweza kuleta mzio kwa baadhi ya watu, na unga unaouzwa tayari mara nyingine huongezwa rangi na manukato. Kuna pia suala la mti wenyewe. Msandali wa Afrika Mashariki umekatwa na kung'olewa hadi mizizi kiasi kwamba mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Anayenunua kipande aulize kimetoka wapi.

Mshubiri una ushahidi kidogo upande wake. Mwaka 2014 watafiti wa Iran walitoa matokeo ya wagonjwa 60: waliopaka dawa ya tretinoini pamoja na jeli ya mshubiri walipata nafuu zaidi, na wekundu kidogo, kuliko waliopaka tretinoini peke yake. Kosa la nyumbani ni kulivunja jani na kulipaka papo hapo. Chini ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu, unaowasha. Jani likatwe, lisimamishwe kwenye kikombe utomvu uchuruzike, lioshwe, limenywe, ndipo ute mweupe wa katikati utumike.

Asali imeangukia upande wa pili. Nchini New Zealand, jaribio la watu 136 lililochapishwa mwaka 2016 liliongeza asali kwenye matumizi ya sabuni ya kuua bakteria, na nyongeza hiyo haikuonyesha faida. Asali haidhuru wengi, ila hakuna sababu ya kuitegemea. Mafuta ya mti wa Australia ambao madukani hujulikana kama tea tree yana rekodi nzuri zaidi: mwaka 1990, huko Sydney, wagonjwa 124 waligawanywa kati ya jeli ya mafuta hayo ya asilimia 5 na dawa ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5. Zote mbili zilipunguza vipele. Mafuta yalikwenda taratibu zaidi na yalileta ukavu na kuwashwa kidogo. Asilimia 5 ndilo neno la kushika hapo. Mafuta matupu kutoka kwenye chupa huchoma.

Mafuta ya nazi, kipenzi cha pwani nzima, yaachiwe nywele, miguu na mikono. Ni mazito kwa uso wenye chunusi na huziba vinyweleo vya wengi. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza chunusi za paji la uso zilizosababishwa na mafuta mazito ya nywele yaliyokuwa yakishuka usoni. Hali hiyo inaonekana mpaka leo pale palipo na misuko iliyolainishwa kwa mafuta ya mgando: vipele vidogo vimejipanga kufuata ukingo wa nywele. Mafuta yakihamishiwa kwenye ncha na kuachwa mbali na ukingo, vipele hupungua vyenyewe baada ya wiki kadhaa.

Utunzaji wenyewe ni mfupi. Uso huoshwa mara mbili kwa siku, na baada ya jasho jingi, kwa kisafishio kisicho na harufu kali, kwa maji ya kawaida na vidole vitupu. Hukaushwa kwa kugandamizwa taulo safi, si kwa kufutwa. Hufuata losheni nyepesi, kwa sababu hata ngozi yenye mafuta huhitaji unyevu, na ikikaushwa mno huwashwa zaidi. Asubuhi humaliziwa kwa krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Wapo wanaoamini kwamba ngozi nyeusi haiihitaji. Ngozi yenye madoa inaihitaji sana, kwani jua huyaongezea weusi. Zile zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa oksidi ya chuma, huzuia pia mwanga wa kawaida unaochangia madoa. Kitu kipya chochote, cha shambani au cha dukani, kijaribiwe kwanza ndani ya mkono kwa siku tatu.

Ikiwa hayo hayatoshi, famasi ina dawa zisizo kali ambazo asili yake haiko mbali na shamba. Asidi ya salisiliki, inayofungua vinyweleo, ni ndugu wa kemikali ya gome la mti uitwao willow. Ya asilimia 2 inatosha. Asidi ya azelaiki imo kwenye ngano na shayiri, hutuliza uvimbe na kupunguza madoa kwa pamoja, na ni miongoni mwa zile ambazo madaktari huziruhusu kwa wajawazito. Kwa ngozi nyeusi ya mtu mzima, hiyo ingepaswa kutajwa kabla ya nyingi. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hufanya kazi sawa na ya 10 na hukausha kidogo, ingawa hupausha foronya na taulo. Dawa moja ianzwe kwa siku mbili au tatu kwa wiki, iongezwe taratibu, ipewe wiki 8 hadi 12. Wengi huiacha wiki ya tatu, na hapo ndipo safari ya kuzunguka maduka huanza upya.

Mwisho wa safari hiyo mara nyingi ni mkorogo. Mtu aliyekwenda kutafuta dawa ya madoa hurudi na kikopo kisicho na lebo, ndani yake mkiwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Siku za mwanzo uso hung'aa na vipele hutulia, kwa kuwa steroidi huzima uvimbe. Ikiachwa, vipele hurudi kwa kishindo, vyote vya ukubwa mmoja, juu ya ngozi iliyokonda na mishipa iliyojitokeza. Zebaki huenda mbali zaidi, hadi kwenye figo. Tanzania imepiga marufuku vipodozi hivyo, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mwishoni mwa mwaka 2018 Rwanda ilipeleka wakaguzi madukani kuviondoa. Bado vinauzwa, na wanaovinunua si wajinga. Wengi ni watu waliochoka kuulizwa uso umepatwa na nini.

Kuhusu chakula, ushahidi ni mdogo lakini upo. Jaribio la Australia la mwaka 2007, lililohusisha wanaume 43 wa miaka 15 hadi 25 kwa wiki 12, lilionyesha chunusi zikipungua zaidi kwa waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari upesi. Soda na maandazi ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Pilipili na karanga, zinazolaumiwa kila siku, hazina ushahidi wa maana dhidi yao.

Si kila kipele ni chunusi. Vipele vidogo vinavyolingana, vinavyowasha, vikitapakaa pajini, kifuani na mgongoni wakati wa joto, mara nyingi ni vya fangasi, na dawa za kuua bakteria huvizidisha. Vipele vya kidevuni kwa wanaume baada ya kunyoa hutokana na ndevu zilizojipinda na kurudi ndani. Mashine isiyonyoa mpaka kwenye ngozi huvipunguza kuliko krimu.

Uvimbe mgumu wa ndani, makovu yanayobonyea au kuinuka, na chunusi zinazoambatana na hedhi iliyovurugika au ndevu kwa mwanamke ni za daktari. Dalili hizo mbili za mwisho zinaweza kuashiria tatizo la homoni linalohitaji vipimo. Dawa za jamii ya retinoidi hazipewi mjamzito, na isotretinoini ya kumeza huharibu mimba vibaya. Wataalamu wa ngozi ni wachache, lakini tangu mwaka 1992 kituo cha kanda kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa tabibu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo hata hospitali ya mkoa huweza kuwa naye mmoja. Anayekwenda kumwona aende uso haujapakwa kitu, na abebe mfukoni kila kopo, tyubu na chupa aliyoitumia mwaka huo, pamoja na kile kikopo kisicho na lebo.