Hamu ya mtoto haizaliwi kwenye fomu

Krismasi ya mwaka 2025 wazazi wengi wa Nanyuki hawakuila kwa utulivu. Matokeo ya kwanza kabisa ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, yalikuwa yametoka, ya watahiniwa zaidi ya milioni 1.1 nchi nzima, na siku chache baadaye mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Elimu ukawagawia watoto hao shule za sekondari pevu. Manung'uniko yakaanza papo hapo, Nanyuki, Karatina, Nyeri na kwingineko: huyu alitaka bweni akapewa kutwa, yule alitaka sanaa akapelekwa sayansi, mwingine kapangiwa shule ambayo mzazi hajapata kuisikia. Dirisha la kuomba kubadilishiwa likafunguliwa, saiba zikajaa. Wizara, chini ya Waziri Julius Ogamba, ikajibu kwamba mfumo ulizingatia matokeo ya mtoto, chaguo lake na nafasi zilizopo.

Jibu hilo ndilo lililonikera, na bado linanikera sasa watoto hao wakiwa wameketi Gredi ya 10. Wizara inasema mtoto alichagua. Mtoto alijaza fomu. Katikati ya mwaka 2025, akiwa na miaka 14 au 15, aliambiwa aandike shule 12, tisa za bweni na tatu za kutwa, na aoanishe shule hizo na mkondo na masomo matatu atakayoyasoma kwa miaka mitatu ijayo. Kuchagua kunataka mtu awe amekionja kile anachokichagua, na watoto wetu walio wengi hawakuonjeshwa chochote. Serikali imewapanga kwa hamu ambayo haikuwapa nafasi ya kuikuza, kisha inawatwika lawama kwamba wao ndio walioitaja.

Tukumbuke kundi hili lilikotoka. Ni watoto walioingia Gredi ya 7 mnamo Januari 2023, sekondari msingi ilipoanzishwa kwa haraka ndani ya shule za msingi. Walirithi madarasa yaliyojengewa watoto wadogo. Walisoma Sayansi Jumuishi katika vyumba visivyo na bomba la maji wala mtungi wa gesi, na hadubini wengi wao waliiona kwenye picha ya kitabu. Walimu wao wengi walikuwa wanagenzi waliolipwa kidogo na kufundisha masomo ambayo hawakuyasomea chuoni, na mwaka 2024 wanagenzi hao waligoma, kwa haki kabisa, huku watoto wakiachiwa daftari. Baada ya miaka mitatu ya namna hiyo, mtoto akaulizwa kama anapenda Kemia.

Hata jibu lenyewe lilikuwa limeshapigiwa hesabu. Mpango wa mtaala tangu awali ni kwamba asilimia 60 ya wanafunzi waende STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), 25 Sayansi ya Jamii, na 15 Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila shule ya sekondari pevu imetakiwa kufundisha STEM, lakini mkondo wa Sanaa na Michezo kwa sehemu kubwa upo kwenye shule chache zenye mikondo yote mitatu. Msichana wa Likii au Majengo anayetaka muziki, na ambaye mzazi wake hana karo ya bweni, ameshapata jibu lake kabla hajashika kalamu.

Wapo wanaoitetea Wizara, na hoja zao si za kupuuzwa. Nchi inahitaji wahandisi, mafundi na wauguzi. Nafasi katika shule zinazopendwa ni chache, na hakuna mfumo utakaomfurahisha kila mtu. Mtoto wa miaka 14 leo anataka kuwa rubani kwa sababu ndege za kambi ya Laikipia zimempitia juu ya kichwa, kesho anataka kuwa mchezaji wa raga. Yote ni kweli. Lakini hoja hii ya mwisho, kwamba hamu ya mtoto hubadilika, inamhukumu anayeitoa. Ikiwa hamu ya mtoto bado ni changa kiasi hicho, kwa nini mmeijengea uamuzi wa miaka mitatu?

Hapo ndipo penye uzito, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Tumezoea kuizungumzia hamu ya kusoma kama kipaji: mtoto amezaliwa nayo au hakuzaliwa nayo, na kazi ya shule ni kuipima na kumpeleka anakostahili. Watafiti wanaoichunguza hawaioni hivyo. Mwaka 2006 Suzanne Hidi na Ann Renninger walieleza kwamba hamu hukua kwa hatua nne. Huanza na kitu cha nje kinachomshtua mtoto, hudumu akipata watu na vifaa vya kuishikilia, huanza kuwa yake binafsi anapojiulizia maswali yake, na mwisho hukomaa kiasi cha kumvusha kwenye ugumu. Hatua za mwanzo hutegemea sana walio karibu na mtoto, na hamu isiyolishwa inaweza kurudi nyuma, hata ikafa. Mwaka 2014 Matthias Gruber na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaongeza jambo jingine. Mtu aliyeamshwa udadisi hukumbuka vizuri zaidi jibu alilokuwa akilitamani, na hata sura za watu zilizopita mbele yake wakati anasubiri jibu hilo. Udadisi, kwa hiyo, hubeba pia yale ambayo mtoto hakuyaulizia. Mwalimu yeyote mzuri wa Kagumo au wa shule ya kijijini Kieni alilijua hilo bila maabara ya Marekani.

Kama watafiti wa ng'ambo hawatoshi, tunaye Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi wa pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku moja nafasi ndani ya friza ilikuwa inagombewa. Mpemba, akihofia kuikosa, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamuuliza mwalimu wa fizikia sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye aliwaona wauza aiskrimu wa mjini Tanga wakitumia njia ile ile, tena kwa makusudi, ili wawahi. Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena darasani wakisoma jinsi vitu vinavyopoa. Mwalimu akamfanyia mzaha, kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake, na mzaha ule ukawa wimbo wa darasa zima: akikosea hesabu, ni hesabu ya Mpemba.

Swali likaokolewa na mgeni. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza, wenzake wakacheka. Osborne naye alilitilia shaka, lakini aliahidi kulijaribu, na alirudi Dar es Salaam akalijaribu. Mwaka 1969 majina yao mawili yakachapishwa pamoja katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la mwanafunzi huyo. Wengine wanasema lipo, wengine wanasema vipimo havikuwa makini. Mpemba mwenyewe, makala hayo yalipochapishwa, alikuwa Mweka, chini ya Kilimanjaro, akisomea uhifadhi wa wanyamapori.

Nimeieleza habari hii kirefu kwa sababu kila kitu kimo ndani yake. Swali lilitoka kwenye jambo la kawaida kabisa, la kugombea nafasi ya friza. Mwalimu wa kwanza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na silabasi, na swali la Mpemba halikuwemo. Darasa lilicheka kwa sababu lilishafundishwa kwamba anayeuliza anachelewesha wenzake. Kilichobadilisha mambo ni mtu mzima mmoja aliyesema, nitajaribu. Na mfumo unaopima elimu kwa mikondo utamhesabu Mpemba kuwa hasara, maana alishughulika na fizikia akaishia porini na wanyama. Mimi namwona kijana aliyejifunza kwamba macho yake yanaaminika, na mafunzo ya aina hiyo humfaa mtu kokote aendako.

Sasa turudi Nanyuki, maana mji huu una maswali kuliko vitabu vyote ambavyo serikali imewahi kuwasambazia watoto wake. Kwenye bango la ikweta, kusini mwa mji, kila siku kuna watu wanaomwaga maji kwenye beseni lenye tundu na kuweka kijiti juu yake. Upande huu wa mstari kijiti kinazunguka hivi, hatua chache upande wa pili kinazunguka vingine, na juu ya mstari kinatulia. Watalii hushangaa, hulipa, hupiga picha. Watoto wetu hupita hapo wakiwa na sare. Ni wangapi wamewahi kuambiwa na mwalimu, nendeni mkaangalie vizuri, kisha mrudi tubishane? Nguvu anayoisimulia mwenye beseni ipo kweli, na Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliieleza mwaka 1835. Lakini hatua chache kutoka ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno kuweza kuyazungusha maji ya beseni. Yanayoyazungusha ni mkono wa anayemwaga na umbo la chombo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa MIT alilazimika kuyaacha maji yatulie kwa saa 24 kwenye tangi pana ndipo nguvu ile ionekane, tena mbali sana na ikweta, Massachusetts. Jaribio la mwenye beseni Gredi ya 8 ya Nanyuki inaweza kuliiga na kulichunguza kwa karai, kijiti na subira. Lina ndani yake fizikia, jiografia, hesabu, na hata somo la biashara, maana kuna mtu anayekula kwa kazi hiyo na hapaswi kudharauliwa.

Mwendo mfupi kwa gari kutoka mjini, Ol Pejeta, wanaishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, ambao tangu Agosti 2019 wanasayansi wamekuwa wakijaribu kuokoa kizazi chao kwa kuvuna mayai na kuyarutubisha nje ya mwili. Juu yetu mlimani barafu ya Lewis inapungua machoni petu. Mtoto anayezungukwa na mambo haya hakosi cha kumshtua. Anakosa mtu wa kushika swali lake lisianguke.

Na hapa uvumilivu wangu unaisha. Miaka yote hii tumeambiwa mtaala wa umilisi umekuja kuondoa kukariri, umkuze mtoto anayeuliza. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zimepewa asilimia 20 ya alama za mwisho za mtoto, eti miradi yake ionekane. Mzazi mwenzangu, unajua nani aliyefanya miradi ile. Ulikata manila wewe, usiku. Uliyechapisha picha saiba ni wewe. Mtoto alishikilia gundi. Mwalimu mwenye watoto 60 alipita, akaweka alama, akazipakia kwenye tovuti kabla muda haujafungwa, na hakuna aliyeuliza mtoto alikuwa akijiuliza nini. Udadisi ukageuzwa kazi ya kuwasilisha kufikia Ijumaa. Kisha mashine ikazichukua alama hizo kana kwamba zinasema kitu kuhusu moyo wa mtoto!

Nitaambiwa hakuna pesa. Nakubali maabara ni ghali. Lakini Peter Tabichi alifundisha sayansi Keriko, shule ya kutwa ya kijiji cha Pwani, Kaunti ya Nakuru, yenye kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Alikuza klabu za sayansi hadi wanafunzi wake wakafika maonyesho ya kitaifa ya sayansi mwaka 2018 na kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani. Tulimpokea kwa shangwe, tukapiga naye picha, na ratiba za shule zetu hazikubadilika hata dakika moja.

Mwaka huu Gredi ya 9 nyingine itajaza fomu zile zile. Wizara bado ina nafasi ya kutenda, na haihitaji tume nyingine. Ipange vipindi viwili mfululizo kila wiki, kuanzia Gredi ya 7, vya maswali ya wanafunzi wenyewe, visiguswe kwa marudio ya mtihani. Iwape walimu wa sayansi ajira ya kudumu, maana mwanagenzi asiyejua kama atakuwepo muhula ujao hawezi kulitunza swali la mtoto kwa miaka mitatu. Ikubali mwanafunzi abadili mkondo hadi mwisho wa Gredi ya 10 bila mzazi kupanda ngazi za ofisi akibembeleza. Na shule za sekondari za mji huu, zenye maabara ambazo Jumamosi hufungwa kwa kufuli, ziwafungulie watoto wa shule za msingi jirani zao washike hadubini japo mara kadhaa kabla ya kuulizwa wanataka kuwa nani. Hilo la mwisho halingoji Nairobi. Mwalimu mkuu anaweza kuliamua Jumatatu.