Skonzi Bila Oveni, Krimu Bila Devon

Mtu akisema atatengeneza skonzi za Kiingereza na krimu ya kugandishwa kama ya Devon, Uingereza, hapa Kakamega, ajiandae kuchekwa. Sababu zinazotolewa ni zile zile kila mara, na nyingi hazina miguu.

"Huna oveni." Huko Uskoti skonzi zilianza kupikwa juu ya bamba la chuma, karibu sawa na kikaango chetu cha chapati. Kama huna oveni, chukua sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu chini, weka sahani ya bati juu yake, funika, kisha gawa makaa: machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ipate moto kwanza. Dakika 20 hivi zinatosha, na wanaooka keki za harusi kwa makaa wanaijua kazi hii kuliko mimi.

"Nilijaribu, zikatoka mawe." Usilaumu jiko, laumu mikono. Tumelelewa na chapati, unga tunaukanda mpaka uvutike. Skonzi hazitaki hivyo. Pima nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko vya chai 4 vya beking pauda, sukari vijiko 3, chumvi kidogo na gramu 100 za siagi baridi. Sugua siagi kwa ncha za vidole hadi unga uwe chengachenga, mimina maziwa baridi ya kuushikanisha tu, halafu acha! Donge likibaki na mikunjo, ndilo hilo. Libonyeze kwa kiganja hadi unene wa sentimita 2 na nusu, kisha kata kwa glasi iliyopakwa unga, ukishindilia chini moja kwa moja. Ukiizungusha glasi, kingo hujifunga na skonzi huinuka upande. Hakuna hamira wala kungoja unga uumuke. Zile skonzi tamu za dukani, zenye hamira, ni mkate.

"Krimu ile inataka ng'ombe wa Uingereza." Ng'ombe wa Jersey, mwenye maziwa ya mafuta karibu asilimia 5, anafugwa hapa hapa Magharibi mwa Kenya. Hata wa Friesian atafaa, ila utapata kidogo. Kinachokataa ni maziwa ya paketi, kwa kuwa mengi yamepita kwenye mashine inayovunjavunja mafuta yasipande juu. Nunua ya jirani yaliyokamuliwa jioni, mimina lita 5 katika sufuria pana iliyooshwa vizuri, ifunike, iweke ndani ya beseni la maji baridi mpaka asubuhi.

"Maziwa mabichi yataleta brusela." Hofu hii ni ya haki, ugonjwa huo upo nchini. Lakini krimu hii hailiwi mbichi. Sufuria huwekwa juu ya nyingine yenye maji yanayotokota polepole, kwa saa kadhaa. Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maziwa yaliyo juu yake hukaa kwenye 80 na kitu, joto linaloua vijidudu vya brusela na ndilo krimu inalotaka. Yakichemka, umepata malai ya kawaida. Usikoroge. Ngozi ya manjano ikikunjamana, epua bila kutikisa, iache ipoe usiku kucha, kisha iopoe kwa kijiko chenye matundu. Utapata robo kilo hivi, na maziwa yanayobaki ni ya chai. Wanaolalamikia makaa yanayoteketea hapo, siwabishii.

"Ni mambo ya wazungu." Bibi Anna, dachesi wa Bedford huko Uingereza, anayesifiwa kwa kuanzisha chai ya alasiri miaka ya 1840, hakuonja jani la Kenya, kwani chai ilipandwa hapa nchini kwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Siku hizi inachumwa kando ya msitu wa Kakamega wenyewe, na nyumba isiyo na chai ya saa kumi hapa ni ya kutafuta kwa tochi. Huko Uingereza, watu wa Devon hupaka krimu kwanza, wa Cornwall jamu kwanza. Yangu ni jamu ya mapera, nayo hukaa juu.