Maji ya Kesho Huwekwa Leo

Mtungi hujazwa kisima kingali na maji. Kila mama wa nyumba alijua hilo. Nasi twataka kulitazama katika jambo kubwa zaidi, nalo ni maji ya mji mzima.

Mji wa Dar es Salaam, wenye watu zaidi ya milioni 5, hutegemea sana mto Ruvu, uteremkao kutoka milima ya Uluguru. Mitambo miwili, Ruvu Juu na Ruvu Chini, iliwekwa iweze kutoa lita milioni 466 kwa siku. Lakini mitambo hiyo ilichota maji yapitapo tu. Nyuma yake hapakuwa na bwawa la akiba. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilikawia, mto ukapungua, na watu wakagawiwa maji kwa zamu. Maji ya mvua zilizotangulia yalikuwa yamekwisha kwenda zake baharini.

Hapo ilidhihiri faida ya bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro. Lilinenwa miaka mingi, na mkataba wa kulijenga ukatiwa saini Novemba 2022. Limekusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190: maji ya masika yazuiwe, kisha wakati wa kiangazi yafunguliwe mtoni kwa kipimo, yaifikie mitambo. Kwa hesabu tupu, bila kutoa yatakayokaushwa na jua, hayo yatosha mitambo yote miwili kwa siku 400.

Wako wasemao: "Kwa nini tutoe fedha leo kwa maji ya watu wasiozaliwa bado?" Twawajibu: Nabii Yusuf (A.S.) aliwashauri watu wa Misri waweke nafaka katika miaka ya neema, hakungoja njaa. Kadhalika bwawa halijengwi siku ya kiu. Serikali ipangapo maji ya mji yaipasa iwahesabu na watakaokuwapo baada ya miaka 20.

Lakini pia twasema: anayeondolewa shambani mwake kwa ajili ya bwawa, na alipwe haki yake kamili kabla maji hayajafika mlangoni pake. Haifai watu wa mjini wapate raha kwa dhuluma ya watu wa shamba.

Nanyi vijana, bomba livujalo nyumbani lizibeni leo. Akiba haiozi, ila humwagika.