Tairi Kipara Masika Hii
Masika yakishika Kwale, njia za udongo za kuelekea Kinango huteleza kama sabuni. Kule Diani, gari dogo likiacha lami kufuata ufuo hunasa mchangani. Dereva akikwama hukanyaga mafuta kwa hasira, gurudumu lizunguke bure, lichimbe, gari likalie tumbo. Toa mguu! Punguza upepo ili tairi litanuke na kushika, fukua mbele ya magurudumu, tandika makuti, uondoke polepole. Ukifika lami, jaza upepo upesi. Lakini kwenye tope ni meno ya tairi yanayoshika, na kipara hakina meno. Mwenye matatu anayebeba wanafunzi wa Msambweni kwa tairi kipara anachezea roho za watoto wetu, na sisi abiria tuna haki ya kukataa kupanda.